Maoni ya Mzee Reino

Aili Kangas alikuwa na kiburi, na sisemi hivyo kumsengenya, maana nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja. Mimi na yeye tuliongoza kikundi cha wahandisi pale Minneapolis, Marekani, kilichotengeneza programu ya maoni ya wasomaji wa magazeti. Ilikuwa programu huria: gazeti lolote, hata la mji wenye watu wa kuhesabika, liliichukua bure na kuiweka kwenye tovuti yake, wasomaji wakabishana chini ya habari mpaka wachoke. Gazeti la kwanza kuichukua lilikuwa la kwao Aili, kaskazini kwenye migodi ya chuma. Baba yake, Mzee Reino, alizunguka mji mzima akijigamba kwamba baraza lile la maoni gazetini limejengwa na binti yake.

Halafu mama yake Aili akafariki, na Aili akagundua kwamba mzee alimficha ugonjwa wa mama hadi siku za mwisho. Msibani alimwambia baba yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Mzee naye akamfukuza mbele ya watu, akaapa kwamba hatampigia simu hadi anaingia kaburini.

"Mpigie mzee wako," nilikuwa nikimwambia tukila mchana.

"Aanze yeye. Alinifukuza mbele ya jeneza la mama, Ansel. Akisema neno moja tu, moja, nawasha gari saa hiyo hiyo."

"Na asiposema?"

"Basi mtanizika na hasira zangu. Kula, supu inapoa."

Lakini kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, alifungua gazeti la kwao akalisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Kiburi chake kilikuwa na kiu, nami nilikiona.

Mwaka ule wahariri walitulilia sana kuhusu watukanaji. Ukimfungia mmoja leo, kesho anarudi na majina matatu. Aili ndiye aliyepata dawa, tukaiita kivuli. Mtukanaji hafungiwi, anatiwa kivulini. Anaandika, anayaona maoni yake yamekaa mahali pake kama kawaida, kumbe duniani hakuna mwingine anayeyaona. Atabwata peke yake hadi achoke aende zake. Aili akaongeza kwamba maoni hayo yasimfikie hata mhariri, ili naye apumzike na uchafu.

"Na mtu akitulia, akaacha matusi?" nilimwuliza.

"Mhariri atamtoa."

Mhariri gani anamkumbuka mtu asiyemwona? Lakini kikundi kizima kilikuwa kinashangilia, na magazeti yakaipokea dawa ile kwa mikono miwili.

Mzee Reino alifariki mwezi Machi, moyo ulimsimama akizoa theluji mlangoni. Nilimwendesha Aili hadi kwao. Baada ya ibada tulikaa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa na kahawa na ile mikate yao mitamu ya iliki, na Aili hakuonja hata kipande. Bi Lempi Hakala, jirani wa mzee, akaja akasimama mbele yake.

"Sasa ndiyo umepata nafasi ya kuja."

"Bi Lempi, nakuomba, si leo."

"Leo hii hii utanisikia, mwanangu. Baba yako alikuwa akikuandikia kila Jumapili. Ananiambia, 'Lempi, niliapa sitapiga simu, sikuapa sitaandika kwenye baraza la mwanangu.' Anavaa miwani, anaandika, ananisomea, halafu anakaa kungoja jibu. Hata kusema 'nimesikia, baba' kulikushinda?"

"Aliandika wapi?"

"Si kwenye gazeti! Kwani baraza si lako?"

"Gazeti lile nalisoma kila siku. Hakuna kitu."

"Usinifanye mimi mtoto. Twende ukaone."

Tukaenda. Kompyuta ya mzee ilikuwa kwenye meza ya jikoni, na akaunti yake ya gazetini bado iko wazi. Maoni yake yalikuwepo, yote. La kwanza kabisa lilikuwa tusi: alimwita mhariri kibaraka wa kampuni ya mgodi, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Baada ya hapo hakumtukana mtu tena.

Chini ya habari za mpira wa barafu: "Aili, wale watoto wetu wamefungwa tena. Ungekuwepo ungecheka. Baba."

Chini ya habari za hali ya hewa: "Aili, mama yako ndiye aliyenikataza nisikwambie. Nilimtii, nikakosea. Njoo nyumbani."

Na la mwisho, chini ya tangazo la soko la kanisa: "Aili, najua unasoma, maana ndiyo kazi yako. Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Aili akatoa simu yake, akafungua ukurasa ule ule, akaiweka kando ya kompyuta. Kwenye simu hapakuwa na neno.

"Ansel," akasema polepole, "baba yuko kivulini."

Asinitolee mtu methali ya mchimba kisima. Aili hakumchimbia mtu kisima, alitaka tu watu wasitukanwe. Mimi nilisimama pale jikoni nikiwa na hasira na dunia nzima.

Alimpigia mhariri mwenyewe. "Mtoe Reino Kangas kivulini. Sasa hivi."

"Kangas? Mungu wangu, nilimsahau kabisa. Aili, pole sana, mimi…"

"Mtoe tu."

Punde maoni yakaanza kujitokeza kwenye simu yake, moja baada ya jingine, mji mzima ukiyaona kwa mara ya kwanza. Aili akayapitia hadi kwenye lile la "Njoo nyumbani." Akaandika chini yake: "Baba, nimekuja." Akatuma.

Kompyuta ya mzee ikalia kengele. Juu ya jina lake pakatokea maneno tuliyoyaandika sisi wenyewe, ya kumjulisha kila msomaji aliyejibiwa: "Habari njema, Reino! Aili amekujibu." Aili akapiga yowe, akaukumbatia ule mtambo wa mzee kwa mikono miwili, na Bi Lempi, aliyekuja kumgombeza, akapiga magoti sakafuni akamshika.