Tutakufuatilia, Mzee

"Baba Rogasian, mstari huu unakwenda wapi? Unamfuata nyoka?"

Mzee Nazari alikuwa ameinama juu ya majani aliyoyafyeka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeiegemea nyengo yake ya kufyekea. Gaudiosa, mkewe, akaacha jembe. Tangu waoane, mume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba kwenye mteremko, naye mke huja nyuma yake kuchimba ngoro, shimo katikati ya kila mraba, na kuyafukia majani kwa udongo wake, kisha kupanda maharage. Hajapata kuona mraba wa Nazari umepinda.

"Mgongo tu."

"Mgongo tu, mgongo tu, tangu Krismasi!"

Bondeni gari likanguruma. Nazari akajinyoosha kwa taabu, akafunga kifungo cha juu cha shati. Gari likapita na magunia yake ya mbolea. Akakifungua.

Ndivyo alivyokuwa tangu arudi kutoka hospitali kubwa, alikotolewa tezi dume yenye saratani. Huko watafiti walimwomba aingie katika utafiti wao: baada ya upasuaji wengine wapigwe mionzi papo hapo, wengine wapimwe damu kila baada ya muda, wapigwe mionzi ikibidi tu, ijulikane njia ipi ni bora. Yeye akaangukia kundi la damu. "Tutakufuatilia, mzee," walimwambia, wakampa mkono. Basi akarudi kijijini kwake Kitura kuwangoja. Mtu akisema atakufuata, unakaa nyumbani. Kumtangulia mlangoni kwake ni kumwambia hukumwamini. Gaudiosa aliwatengea wageni hao jogoo, mpaka jogoo akazeeka, akaota kucha za kutisha.

Jioni ile mzee alishindwa kuinuka kitini. Wakampeleka Mbinga mjini, na huko wakapewa rufaa hadi kule kule kwenye hospitali kubwa.

"Shikamoo, babu," alisema Daktari Flavia, mmoja wa watafiti.

"Marahaba, mwanangu. Mmekawia sana."

Daktari akashangaa. "Sisi? Babu, tulikungoja uje kupimwa damu. Tulipiga simu, namba haipatikani."

Namba ilikuwa ya Dastan, mpwa wa mzee, aliyekwisha kuhamia Msumbiji.

"Mlisema mtanifuata."

"Tulisema tutakufuatilia, babu."

Nazari akamtazama kama mtu anayepima maharage ya aina mbili kiganjani, asione tofauti. "Nami nilikuwepo," alisema polepole. "Sikutoka. Muulize huyu."

"Hakutoka," alisema Gaudiosa. "Hata kilioni kwa jirani yetu Augustino hakwenda."

Daktari akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. Picha zilionyesha ugonjwa umeingia mifupani. Mionzi itakuwapo, alisema, ya kutuliza maumivu.

"Na ile ya kuponya?"

"Ilikuwa na wakati wake, mama."

Waliporudi Kitura, majani yalikuwa yamekauka pale alipoyaacha. Gaudiosa akamkalisha mumewe kwenye kigoda kando ya shamba, akamfunika mabega kwa kitenge chake, kisha akaokota nyengo. Alifyeka. Akapanga mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake hata siku moja.

"Mstari wako unakwenda wapi, Mama Rogasian?" sauti ilitoka kigodani, nyembamba. "Unamfuata nyoka?"

Gaudiosa akacheka kidogo, akainama zaidi ili asionekane uso.

Bondeni gari likanguruma, likipanda. Gaudiosa hakugeuka. Lakini aliyasikia majani makavu yakichakarika chini ya kigoda, na alipoinua macho, vidole vya mzee vilikuwa shingoni, vinalitafuta tundu la kifungo.