Waliobaki Shingoni mwa Kibuyu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama nje ya ukuta mrefu usio na lango, nami nimefunga tai. Ukuta ule ulikuwa wa kiumbe mmoja mdogo kuliko chembe ya vumbi, mmoja wa wale wanaogandisha maziwa. Sikushangaa. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mke wangu.

Ni lazima nieleze. Marehemu Ndeshiwonasia aligandisha maziwa katika kibuyu kimoja kwa miaka thelathini na minane. Hakukiosha kwa maji hata siku moja; alikisugua kwa kaa la mzeituni wa porini, na daima aliacha masalio kidogo ili maziwa ya leo yajifunze kwa ya jana. Wiki moja baada ya mazishi, mimi, niliyefundishwa na wamisionari kwamba vijidudu ni adui, nilikimwagia kibuyu hicho maji yanayochemka, mara tatu, nikakianika. Shemeji yangu Eliwaza alipokiona alisema kwamba nimemwosha marehemu mara ya pili. Alinipa masalio ya kibuyu chake. Nilikataa. Tangu hapo sijaonja mtindi, kwa kuwa wa mke wangu haupo na wa wengine siutaki.

Basi, katika ndoto hiyo, bawabu anajitokeza katika utando ulio nyuma ya ukuta. Hana uso. Anauliza kama mimi ni sukari.

"Mimi ni mwalimu mstaafu," ninajibu.

"Walimu hawana mlango hapa. Jana ulikunywa chai ya vijiko vingapi?"

Daktari ameniagiza nisitie hata kimoja. Lakini sijapata kusema uongo mbele ya mtu aliye kazini.

"Vitatu."

"Pita."

Ndani hakuna chumba wala ofisi ya mkuu. Uzi mmoja mrefu, uliofungwa ncha kwa ncha, umelala katikati, hadharani, nao umebeba maagizo yote ya nyumba. Ninasema kwamba kumbukumbu muhimu hutunzwa kabatini. Vibarua maelfu, wa mviringo, wanasoma nakala za maagizo na kufuma kila wanachoamriwa. Hakuna anayeinua kichwa. Sukari inaingia, inavunjwa, nguvu yake inachukuliwa, na kinachobaki ni uchachu, unaotolewa nje bila sherehe. Ninavuta pumzi. Ni harufu ya jikoni kwa mke wangu, asubuhi.

Mara pale pamekuwa darasa la tatu la shule ya misheni, nami nina rejista mkononi. Mwanafunzi ni mmoja. Ninaita jina: Ndeshiwonasia. Anaitika. Kabla sijaweka alama anarefuka, uzi wake unajinakili, ukuta mpya unamkata katikati, na wameitika wawili. Ninafuta, ninaandika upya. Wanne. Wanane. Wino unakwisha.

"Asimame aliye mkubwa," ninaamuru.

Wote wanasimama.

"Nimesema mmoja. Yupi alikuwa wa kwanza?"

"Hakuna aliyebaki nyuma ili awe wa kwanza, Baba Sifaeli," wanasema. "Yeye alikwisha kuwa sisi."

Rejista inaniponyoka. Sifaeli wetu aliishi siku tisa, na baada yake hatukujaliwa mwingine. Kwa watu wote mimi ni Mwalimu. Mke wangu peke yake ndiye aliyeendelea kuniita Baba Sifaeli.

"Mmelipata wapi jina hilo?"

"Alilitaja juu yetu kila asubuhi, kifuniko kikiwa wazi."

"Ninyi hamna masikio."

"Maziwa yalitetemeka."

Darasa linasinyaa, linakuwa ufa ndani ya shingo ya kibuyu, mkavu na mweusi. Hapo wamebaki kumi na mmoja, wamegandamana kwa gundi yao wenyewe. Maji yangu hayakufika huku. Kwa njaa wameacha kugawanyika, wanangoja tu. Wananieleza, bila lawama, kwamba wakipata maziwa ya uvuguvugu watatulia kwanza wakijiandaa, kisha wataongezeka mara mbili, na mara mbili tena, hadi chakula kipungue na uchachu wao wenyewe uwazuie. Wasipopata, hawana siku nyingi.

Ninawaomba radhi kwa Kiswahili sanifu. Ninauliza ni wangapi waliokufa kwa maji yale.

"Sisi hatuna makaburi," anasema mmoja. "Wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Haiji.

"Nataka aniite tena."

"Hilo hatuliwezi. Tunaweza uchachu tu."

"Basi huo," ninasema.

"Nyoosha kidole."

Niliamka kumekwisha kupambazuka, blanketi likiwa limenifika kidevuni. Kibuyu kilikuwa jikoni, nyuma ya mlango niliokuwa nimeufunga kwa komeo, na komeo lilikuwa mahali pake. Katika ncha ya kidole changu cha shahada palikuwa na tone jeupe, zito, lililoanza kukauka ukingoni. Nililigusa kwa ulimi, kidogo sana: ulikuwa uchachu wa mtindi wake.

Kisha nilikitwaa kibuyu kwa mkono wa kushoto, nikaenda kwa Eliwaza, kidole kimeinuliwa mbele yangu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Alikuwa amekwisha kukamua. Alinikaribisha chai, akaleta birika na beseni ili ninawe.

Nilimwambia avirudishe, alete maziwa.