Swabaha Alivyocheleweshwa Sataranji

Mwaka 1996, mchezo wa kuamua nani achukue nafasi ya mwisho katika timu ya taifa ya sataranji ya wanawake ulichezwa katika ukumbi mmoja Tononoka. Swabaha wa Kibokoni, mwalimu wa chekechea, alikuwa na miaka thelathini na saba. Aliingia akijua kwamba akishindwa, hakuna atakayemwita tena.

Aliyeketi mbele yake ni Sidi, msichana wa miaka kumi na mitano kutoka Makupa. Alikuja na sare ya shule, akimung'unya mabuyu.

Asubuhi nzima Swabaha alimbana. Alimla farasi mmoja bure, akamfukuza mfalme wake hadi pembeni. Adhuhuri ilipokaribia, ukumbi ukawa tanuri. Hapo ndipo alipoiona njia ya kumaliza: malkia apige kwanza, mfalme akimbie, ngome ishuke imfungie. Akaihesabu hadi mwisho. Akairudia ili ahakikishe, na katikati akapotea. Akaanza upya, akapotea palepale. Saa iliyo kando ya ubao ilikuwa ikimwishia, na Sidi akitazama dirishani kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

Swabaha akaishusha ngome kwanza. Alipoiachilia tu, akajua amekosea.

Sidi hakufikiri hata. Farasi wake aliyebaki aliruka, akawatisha mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Yaliyofuata yalikuwa mazishi.

"Ulikuwa umenimaliza, Bi Swabaha," Sidi alisema walipopeana mikono, na hakuwa na kejeli. "Nilikuwa nangoja tu upige kwa malkia."

Afadhali angetukanwa.

Bwana Joab, msimamizi wa mashindano, alimfuata mlangoni. "Umecheza vyema, mama. Lakini tuambiane ukweli. Wanaofika juu kabisa huanza na miaka sita, saba. Wewe ulianza kushindana lini?"

"Thelathini na moja."

"Basi. Mfundishe huyu mtoto. Ana miaka ishirini mbele yake."

"Na ishirini yangu ilikwenda wapi, Bwana Joab? Umewahi kuniuliza?"



Baada ya Magharibi, kakake Abdulhalim alifika nyumbani kumpa pole. Alimkuta ameupanga ubao juu ya meza vile vile ulivyokuwa kabla ya kosa. Malkia, mfalme, ngome. Njia nzima aliiona kwa kupepesa jicho, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

"Wacha kujisumbua, dadangu," Abdulhalim alisema akijimiminia kahawa. "Si mchezo tu?"

Swabaha akainua uso. "Baba alitufundisha sote wawili, Halim. Nani alikuwa akimshinda mwenziwe?"

"Wewe."

"Na klabu alipelekwa nani?"

"Ndivyo ilivyokuwa zama hizo. Baba alisema mtoto wa kike hakai na wanaume mpaka usiku. Mimi ningefanyaje?"

"Ungecheza! Kila Jumamosi mimi nakupigia kanzu pasi, wewe unakwenda. Nakungoja urudi unieleze mlivyocheza, nawe unaniambia umesahau. Kisha ukaacha, ukaenda kwenye mpira. Nikaolewa na mtu asiyetaka hata kuuona ubao nyumbani kwake. Mpaka aliponipa talaka ndipo nikakaa mbele ya mtu nisiyemjua. Nilipokuwa mdogo niliambiwa mimi mwanamke. Leo naambiwa mimi mzee. Hapo katikati, Halim, nilikuwa na nafasi siku gani?"

Abdulhalim alikiweka kikombe chini. Akasema, "Nakiri ulinyimwa. Lakini ni mimi ulonikasirikia, au Sidi?"

"Sidi hana kosa. Kichwa changu kilichoka, Halim. Nilikihisi kikichoka, kama mguu unaokufa ganzi. Hilo silisamehe, na sijui nisimsamehe nani."

Akapanga kete upya, akamlazimisha acheze. Alimshinda kabla kahawa haijapoa, wala hakupata raha yoyote.

Jumatatu alimwendea Joab kwenye duka lake. "Simfundishi," alimwambia. "Lakini aje kwangu kila Jumamosi tucheze. Kwa saa, kama mashindanoni."

"Si mamoja hayo, mama? Akicheza nawe atajifunza."

"Si mamoja. Mwalimu hukaa pembeni. Mimi sikai pembeni tena."

Sidi alikuja, na pakiti ya mabuyu mkononi. Jumamosi ya kwanza alishinda. Iliyofuata pia alishinda, na Swabaha alifunga ubao kwa kishindo hadi jirani akauliza kuna nini. Timu ilisafiri ng'ambo bila yeye. Sidi aliporejea alimletea habari za wachezaji wa huko, wengi wao wasichana wenye umri wake.

"Wakubwa hawakuwapo?" Swabaha aliuliza.

"Walikuwapo wachache, Bi Swabaha."

"Walichezaje?"

Sidi akafikiri. "Vizuri. Mpaka mchana."

Swabaha akaivuta feni karibu na meza, akasogeza askari wake wa kwanza.