Brashi ya Waziri wa Kilimo

Saa tatu na dakika kumi, Jumanne asubuhi, brashi ya wino ilifika mbele ya Kuwabara Shigemi, Waziri wa Kilimo, ikakwama hapo. Mawaziri waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuchora sahihi zao. Kuwabara aliisogeza karatasi mbali kidogo, akaweka mikono mapajani.

Karatasi ile iliidhinisha bwawa la Mto Nagusa. Bonde litakalozama ndiko alikozaliwa, na dada yake Sadae alikuwa bado akiishi huko. Uamuzi wa baraza la mawaziri huhitaji sahihi za wote; ikikosekana moja, hakuna uamuzi. Kwa kutegemea hilo, mwezi uliopita Kuwabara aliwaambia wanakijiji wapande mpunga bila wasiwasi.

Waziri Mkuu Iwadare Munenori aliahirisha kikao, akamwita chumbani kwake. Wawili hao walikuwa wameingia bungeni mwaka uleule.

"Shigemi, kaka, unaniaibisha mbele ya vijana," alisema, akimmiminia chai.

"Vijana gani? Mdogo wao anakaribia sitini."

"Haya, vizee. Tia sahihi tumalize."

"Sitii."

"Basi jiuzulu. Nitakusifu mpaka uone haya."

"Sijiuzulu pia. Ulisimama mlangoni kwa dada yangu ukaapa bwawa halijengwi. Ukala na figili zake za chumvi."

"Zilizidi chumvi." Iwadare alitabasamu, kisha akaacha. "Mji ulio chini, mto unakoelekea, umefurika mara mbili tangu siku ile. Watu wamekufa. Wizara zinavutana, kila moja inangoja nyingine ikubali. Nisipoamua mimi, ataamua nani?"

"Amua. Ila bila brashi yangu huendi popote."

"Kaka, unajua naweza kukufukuza."

Kuwabara alijua. Sheria hiyo aliisoma tangu ujana. Alidhani tu kwamba haitatumiwa juu yake.

"Hutathubutu," alisema.

Iwadare alibonyeza kengele ya mezani, akamwagiza katibu alete hati.

Hati ya kumfukuza ilipelekwa kwenye kasri la Mfalme kuthibitishwa, ikarudi kabla ya adhuhuri. Iwadare akajikabidhi mwenyewe wizara ya kilimo, kisha akaliita baraza tena. Kiti cha Kuwabara kilikuwa kimeondolewa na vya jirani vimesogezwa kuziba nafasi. Waziri Mkuu alitia sahihi kwa cheo chake. Akachovya brashi upya, akatia sahihi ya pili, ya Waziri wa Kilimo.

Mchana huo vipaza sauti vya kijiji cha Nagusa, ambavyo kwa kawaida hutangaza moto na mafuriko, vilisoma taarifa ya serikali: baraza la mawaziri limepitisha ujenzi wa bwawa kwa kauli moja.

Sadae alikuwa shambani akipandikiza mpunga, tope limemfika magotini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaung'oa mche aliotoka kuupanda, akausuuza mizizi, akaurudisha kikapuni.