Maji ya Moto kwa Gobore la Bugari

Asubuhi ile vumbi la jangwani lilikuwa limetanda hata jua likafifia kama mwezi. Nilikuwa nikipuliza makaa nilipomwona Nanyuma Sangare anatokea kwenye ukungu ule, gobore la marehemu mumewe amelifunga kwenye shuka na kulipakata kama mtoto.

"Mhunzi! Umeamka, au bado unaota unakula?"

"Nimeamka, Mfulani. Umeniletea maziwa, mtumwa wangu?"

"Maziwa gani? Ng'ombe wetu wanaikimbia sura yako."

Ndiyo mambo yetu, Wafulani na wahunzi. Hata msibani utani hauachwi.

Mumewe Bugari, mwindaji mkuu wa kijiji chetu, alikuwa na miezi mitatu kaburini, na tangu hapo Nanyuma hakuwa akipata usingizi. Kesho yake wawindaji wangekusanyika kumpigia baruti ya kumuaga.

"Shemeji yangu Yoro, atakayelipiga kesho, alitaka kulisafisha kwa mafuta ya taa," Nanyuma alisema. "Nimemnyang'anya."

"Umefanya vyema. Mafuta ya taa hayawezi masizi ya baruti. Masizi yale dawa yake maji ya moto."

Nilitumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mtutuni. Ukagota mapema. Nikaupima kwa nje: ulibaki upana wa vidole vinne kufika mwisho. Nikaugeuza mdomo wa gobore kuelekea porini.

"Nanyuma, limeshindiliwa. Baruti na risasi bado zimo."

Akakaa chini polepole. "Basi ni mkono wake. Hakuna mwingine aliyeligusa." Kisha, kama anayesema usingizini: "Lipigwe kesho hivi hivi, Numori. Iwe risasi yake mwenyewe."

"Mtutu una kutu. Ukipasuka, tutamzika na Yoro."

Akanisogezea kibuyu. Nikakaza parafujo kwenye ncha ya mdeki, nikazungusha, nikavuta taratibu. Kikatoka kipande cha nguo ya nili, kimesokotwa, kikavu kabisa. Marisau, chembe za risasi, yakamwagika kwenye kibuyu.

Nanyuma alikikunjua kitambaa kwenye paja. Nikamwona anakodoa macho.

"Nguo yangu ya harusi! Nilimsingizia mbuzi wa mke mwenzangu kwamba ameitafuna. Nusura tupigane!" Akacheka, akacheka mpaka machozi yakamshuka, na mimi nikacheka naye. "Mwizi wee, Bugari!"

Baruti ilikuwa imeshikana kama uji uliolala. Nikaikwangua. Akaomba chembe chache, akazirusha kwenye makaa. Fyuu! Moshi mweupe ukapanda, ukapotelea katika vumbi.

Sufuria ilikuwa inachemka. Nikafungua tundu la fataki, pale moto unapoingilia, naye akawa anamimina mdomoni mwa mtutu, mimi nikipandisha na kushusha mdeki wenye kitambaa. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi, yakinuka mayai viza. Mvuke ukatufunika sote wawili. Nanyuma akafumba macho.

"Usiache, Numori. Hivi ndivyo alivyonuka akirudi porini. Namwona anakuja. Kanga wawili kiunoni. Hana haraka."

Sikuacha. Tulichemsha sufuria nyingine, na nyingine tena, kuliko gobore lilivyohitaji. Maji yakawa ya kijivu, kisha meupe kama ya kisimani. Chuma kilishika moto hata kikajikausha chenyewe. Nikapitisha kitambaa chenye mafuta ya shea ndani, naye akapaka nje kwa viganja, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Siku ya pili Yoro alipiga fataki tupu kwanza, kutoa mafuta tunduni, kama nilivyomwelekeza. Kisha akashindilia baruti, akafyatua. Mlio ulikuwa safi, mmoja, ukaenda hadi vilimani ukarudi. Wengine waliruka. Nanyuma alisimama tu, kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza mtu akimwita kwa mbali.

Wawindaji walicheza ngoma yao mpaka jua likapinda. Wanawake walipomtafuta Nanyuma aje kula, walimkuta amelala chumbani kwake, mchana ule, na zogo lote lile. Mke mwenzake akaufunga mlango, akakaa kizingitini ili mtu asimwamshe.