Foleni ya Milio

Jana usiku niliota nimeitwa zahanati kujibu shitaka la kupita bila kuchimba.

Kwanza nieleze kazi yangu. Mimi na dada yangu Subilaga tunatafuta vipande vya dhahabu huku Chunya, kwenye mabonde ambayo wengine walishayachimba wakaondoka. Mimi nabeba mashine ya kupimia madini ardhini, yeye anabeba sululu. Mashine ikilia, mimi ndiye ninayeamua pachimbwe au tupite, kwa sababu dhahabu, msumari na kizibo cha soda vyote vinalia, na siku haitoshi kuchimba kila kitu. Juzi Jumatano, kando ya kichuguu, mashine ilitoa mlio mdogo sana, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Subilaga alisema, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba yeye angepachimba. Nilimjibu kwamba kazi yake ni sululu, kusikiliza ni kazi yangu. Alitia sululu begani. Tulisogea hatua thelathini, tukachimba mlio uliokuwa unapiga kelele, tukatoa kopo la maziwa ya unga.

Hayo ni ya kweli. Sasa ndoto.

Zahanati ipo katikati ya bonde na haina ukuta wa nyuma. Kwenye benchi refu wamekaa wote niliowahi kuwasikia tangu mvua ziishe: misumari, vizibo, ganda la risasi, kufuli lisilo na ufunguo. Wanaongea kama watu na wameshika karatasi za namba. Mimi nina namba moja, nikafurahi. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, akaniambia namba hazifuatwi.

"Sasa mnafuata nini?"

"Anayelia zaidi anaingia kwanza. Ni utaratibu wako, tumeuchukua kama ulivyo."

Nilisema mimi sina utaratibu wa namna hiyo. Kabla sijamaliza, kopo la maziwa limesimama, linalia mpaka benchi linatikisika, na muuguzi analishika mkono kwa upole na kuliingiza ndani. Likatoka, likalia tena, likaingizwa tena. Mara ya tatu uvumilivu ukaniishia.

"Hilo ni kopo," nilisema. "Nimelitoa ardhini kwa mikono hii. Ndani halina kitu."

"Lakini linalia," alisema muuguzi, na kwenye kadi akaandika: mahututi.

Kopo likageuka mlangoni. Lilisema, kwa heshima kabisa, kwamba halina ubaya na mimi, na kwamba tangu litupwe hakuna mtu aliyewahi kulitafuta kwa bidii namna ile.

Mwisho wa benchi alikaa bibi mmoja mwenye ukubwa wa punje ya haragwe, amejifunika udongo mpaka shingoni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Niliinama nimsikie, lakini misumari ilianza kugombea mlango na sauti yake ikapotea. Nilimwambia muuguzi kwamba bibi huyu amefika kabla ya wote. Aliuliza bibi yupi, na hakuinua uso.

Hapo nikapaza sauti. Nilisema hii ni dhuluma, haiwezekani mtu mzima akae benchini huku makopo yanatibiwa mara tatu, na kwamba nataka kumwona mkubwa wa hapa. Muuguzi alisema mkubwa yuko darasani, akanionyesha mlango.

Nyuma ya mlango ni darasa la tatu, katika shule tuliyosoma mimi na dada. Nimekaa kwenye dawati letu la zamani, magoti yananigonga kidevuni. Subilaga yuko pembeni yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, sululu mapajani. Misumari na vizibo wamejaa mbele. Mwalimu ni muuguzi yuleyule, amebadilisha miwani tu.

Anaita majina. Kopo linaitika mpaka vumbi linashuka darini. Msumari anaitika. Anaitwa Subilaga.

"Nipo, mwalimu," anasema dada.

Mwalimu anasubiri kidogo, kisha anaandika: hayupo.

"Yupo," nikasema. "Amekaa hapa. Bega lake linagusa langu."

Mwalimu alisema hakusikia mtu. Nilisema mimi nimesikia. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, naye akasema basi nije nisahihishe mwenyewe. Nilikwenda mbele kwa hasira, kalamu tayari mkononi. Daftari lilikuwa na jina moja tu, Subilaga, siku baada ya siku, na mbele ya kila siku pameandikwa hayupo. Niligeuza ukurasa. Hayupo. Jumatano: hayupo. Mwandiko haukuwa wa mwalimu. Ile herufi ya y yenye mkia mrefu unaorudi juu, sijui mtu mwingine anayeiandika hivyo isipokuwa mimi.

Ningetulia hapo, lakini sikutulia. Nilikasirika zaidi, kama mtu anavyokasirika akishakamatwa. Nilisema daftari limeghushiwa. Nilisema mashine niliihangaikia mimi, jua linanipiga mimi, na kama dada alikuwa na la kusema angelisema kwa nguvu. Nilipiga kelele mpaka madirisha yakajitoa kwenye fremu zake yakaenda kusimama nje.

Darasa zima likageuka kunitazama. Kopo likainua mkono.

"Mwalimu, huyu analia kutushinda sote."

"Ni kweli," alisema mwalimu. "Mchimbeni."

Wakaja na sululu. Hawakuwa na chuki. Walichora duara kuzunguka miguu yangu, wakaanza kukwangua sakafu, wakaulizana nikitoka nitakuwa kitu gani. Msumari mmoja mzee alisema, kwa uzoefu wake, huwa ni kopo. Niliendelea kupiga kelele kwamba mimi si kopo. Shimo lilifika magotini, kisha kiunoni. Nilimtafuta dada kwa macho. Hakuwa anachimba. Alikuwa amepiga goti pembeni, sikio ameliinamishia kiganja chake, na kiganjani amekaa yule bibi wa udongo, anaongea, na dada anaitikia kwa kichwa, neno kwa neno.

Nilitaka sana kujua wanaambiana nini. Ilibidi ninyamaze kwanza. Nilipofunga mdomo tu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Subilaga alikuwa nje anachemsha chai. Nilifungua mdomo nimwamkie, shikamoo haikutoka. Koo lilikuwa linawaka na sauti imekwisha kabisa, imebaki ya kunong'ona, kama ya mtu aliyeshangilia mpira siku nzima. Nilimuuliza kwa shida kama nilipiga kelele usingizini. Alisema hapana. Kati ya kitanda chake na changu kuna pazia la kitenge tu, na usiku kucha hakusikia hata nikikoroma.

Aliiepua sufuria ili mchemko wake usimzuie kusikia, akaja akainama karibu na mdomo wangu.

"Sema taratibu, mdogo wangu. Nakusikia."

Nilimwambia kwamba leo twende kwenye kile kichuguu, na kwamba mashine aishike yeye. Ilinichukua muda kuyamaliza, na hakunikatiza. Kisha aliingia ndani, akatoka na mashine begani, akanipa sululu.