Daftari la Kifuniko

Kuna sentensi moja ambayo watengenezaji wa programu za kompyuta huitamka kirahisi kama wengine tunavyosema "hamna shida". Sentensi yenyewe ni hii: kwangu inafanya kazi. Wapigie simu uwaambie chombo chao kimekugomea. Watakijaribu mezani kwao, watakiona kinakwenda, watakurushia sentensi hiyo na kurudi kwenye chai yao. Hawana ubaya. Wanasema kweli tupu, na ndiyo maana inauma.

Injinia alimwambia hivyo baba yake mzazi.

Jina hilo alipewa na nyumba nzima akiwa darasa la nne, siku alipoifungua redio ya baba, akaifunga tena, akabakiwa na skrubu tatu mkononi. Redio ililia vilevile. "Basi zilikuwa za ziada," baba alisema, na tangu hapo kitinda mimba wake akawa Injinia. Alipokua, utani ukawa kweli. Aliajiriwa kuandika viendeshi, zile programu ndogo zinazokaa kati ya kompyuta na vifaa vyake na kupeleka amri huku na huku. Chake kilikuwa cha kadi ya mtandao. Ukifunga kifuniko cha kompyuta, kompyuta inalala, na kiendeshi kinaiambia kadi nayo ilale. Ukifungua, kinaiamsha. Ukiitazama vizuri, ni kazi ya yaya.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na minne, na mitambo ile ilikula masikio yake. Simu kwake ilikuwa mvumo tu. Kwa hiyo Injinia alimnunulia kompyuta yenye kioo kipana, na kila Jumapili saa kumi jioni wakawa wanaonana humo, binti akisema na kuandika kwa herufi kubwa, baba akisoma midomo na herufi, kisha akijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Mama alikwishatangulia mbele ya haki. Mzee aliishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kibanda cha ufundi kwa nyuma, na mlango wa mbele aliupaka buluu kwa mkono wake. Hakumsumbua mtu.

Mwaka jana akaanza kulalamika. Jirani ndiye aliyepiga simu: "Mzee wako kanituma. Anasema mtandao hauamki. Anasema taa inawaka lakini hakuna mtu ndani."

Injinia alicheka, maana baba alijua kusema. Jumamosi akaenda. Alifunga kifuniko, akahesabu hadi ishirini, akafungua. Mtandao huo. Akarudia mara kumi, mara zote mtandao huo. Baba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Jana ilikataa," alisema.

"Kwangu inafanya kazi, baba." Akageuka ili midomo ionekane. "Labda kuna kitu unabonyeza."

"Sibonyezi kitu. Nafunga, nafungua."

"Labda unasahau."

Baba aliisoma midomo ile mara moja tu. Kwa kawaida alikuwa akiomba urudie, na safari hii hakuomba.

Sasa Kaka yake Injinia si mtu mbaya, nisije nikamchafulia jina. Ni kifungua mimba, na kifungua mimba hubeba hofu za nyumba nzima. Alikuwa na orodha yake kichwani: sufuria iliyoungua jikoni kwa baba, ufunguo uliosahauliwa nje ya mlango usiku kucha, mfuko wa sukari uliokutwa kabatini mwa nguo. Nani kati yetu hajaunguza sufuria? Lakini ukishaanza kumhesabia mzee, hata kupiga chafya kwake kunaingia kwenye hesabu. Jioni ile alimvuta mdogo wake barazani.

"Hicho kidude umekitengeneza wewe," alisema. "Niambie kama mtaalamu, usiniambie kama mtoto wa baba. Kina kosa au hakina?"

Injinia alikuwa na majaribio kumi mkononi, na ofisini alisifiwa kwamba kiendeshi chake ndicho kisafi kuliko vyote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

"Hakina," alisema.

"Basi ni yeye." Kaka alijifuta uso kwa kiganja. "Ni kichwa, mdogo wangu. Kinaanza kwenda. Siwezi kulala nikijua yuko peke yake na moto jikoni."

Miezi miwili baadaye walimhamisha. Siku ya kuhama baba hakubisha. Alitoka chumbani na daftari la shule, lile la jalada la kijani, akamnyooshea Injinia. "Soma kwanza," alisema. Gari la mizigo lilikuwa linanguruma nje na dereva anapiga honi. "Baadaye, baba," Injinia alijibu, akalitia daftari kwenye boksi la kompyuta pamoja na waya zake. Boksi likaenda kukaa chini ya kitanda kwa Kaka, na baba akaenda kukaa sebuleni kwa Kaka, akitazama televisheni asiyoisikia. Kompyuta haikufunguliwa tena. Injinia alipotaka habari zake, alimpigia Kaka.

Ilipita miezi saba. Ndipo malalamiko yakaanza kumiminika ofisini: mhasibu mmoja, mwalimu, karani wa mahakama. Mmoja aliandika maneno saba tu: "Nikifungua asubuhi, taa inawaka lakini mtandao hakuna." Injinia aliyasoma mara mbili. Bosi wake, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwekea karatasi mezani. "Watu kumi na saba hawawezi wote kuwa wanabonyeza kitu," alisema.

Alijaribu wiki nzima. Aliiamuru kompyuta ijilaze na kujiamsha yenyewe, sekunde ishirini kila mara, mara elfu moja. Mara zote elfu, mtandao huo. Wenzake walimtania kwamba labda kadi inamwogopa mama yake. Siku ya nane alikumbuka kwamba kompyuta ya baba ilikuwa na kadi ya toleo lilelile linalolalamikiwa. Akaenda kwa Kaka mchana, wakati baba amelala, akalivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Juu ya waya palikuwa na daftari.

Alilifungua palepale sakafuni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe ya siku iliyofuata baada ya ziara yake ya kuhesabu ishirini. Baba alipiga mistari kwa rula, kama walivyokuwa wakifanya kwenye kitabu cha zamu kiwandani: saa ya kufunga, saa ya kufungua, taa, mtandao.

"Nimefunga saa mbili asubuhi. Nimefungua saa nne. Taa ipo. Mtandao umekubali."

"Nimefunga saa nne asubuhi. Nimefungua saa tisa. Taa ipo. Mtandao umekataa. Nimezima na kuwasha, umekubali."

"Nimefunga nikaenda sokoni. Nimerudi baada ya saa moja. Umekubali."

Kurasa ishirini na sita. Hakuna siku iliyorukwa. Siku moja aliandika kwamba ana homa, lakini amefunga na kufungua. Na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa alizojifunza kwa binti yake mwenyewe: "IKILALA CHINI YA MASAA MATATU INAAMKA. IKIZIDI MASAA MATATU HAIAMKI. MASHINE INA KOSA. SIO MIMI. Nimwambie mama akija."

Mama ni yeye. Baba alimwita hivyo tangu azaliwe, kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba. Injinia alikaa sakafuni, daftari mapajani, akalia bila kutoa sauti, kama vile katika nyumba ile kulikuwa na mtu wa kumsikia.

Kesho yake alifunga kifuniko cha kompyuta ofisini na hakukigusa. Masaa matatu ni marefu kwa mtu anayehesabu sekunde. Alikunywa chai, akasafisha kibodi, akasoma daftari tena. Yalipopita masaa matatu na robo, akafungua. Taa ya kijani iliwaka vizuri kabisa, na mtandao haukuwepo.

Kosa lenyewe lilikuwa la aibu. Kompyuta ikilala kidogo, kadi inaachiwa umeme wa kukumbukia mambo. Ikizidi masaa matatu, kompyuta inaibania hata huo ili kuokoa betri, na kadi inaamka haijui chochote, hata anwani yake. Kiendeshi cha Injinia hakikuwa kinaiuliza. Kilichukulia kwamba inakumbuka, kikawasha taa na kuanza kuituma kazi. Dawa ilikuwa mistari kumi na mmoja: iulize kwanza, na kama haikumbuki, ifundishe upya. Haraka haraka haina baraka, na wao ofisi nzima walikuwa wamejaribu usingizi kwa haraka.

Pale kazini wana desturi. Rekebisho halipokelewi mpaka mtu mwingine alijaribu kwenye mashine yake, na chini yake yanaandikwa majina mawili: aliyeligundua kosa, na aliyelijaribu rekebisho. Injinia aliweka rekebisho kwenye kompyuta ya baba na Jumapili asubuhi akaipeleka kwa Kaka.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, amepungua. Injinia aliinama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja." Aliiona kompyuta, akarudisha mikono kifuani. "Hicho mpe Kaka yako. Mimi siku hizi nachanganya mambo."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayekutajia saizi ya viatu vyake. Miezi saba ilitosha kumfundisha. Kaka aliyekuwa mlangoni alisema kwamba siku hizi mzee huomba ruhusa hata kuwasha feni.

Injinia alichukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa: "MASHINE ILIKUWA NA KOSA. KOSA NI LANGU. ULIKUWA SAHIHI KILA SIKU. NISAMEHE." Baba alivaa miwani. Alisoma, akarudi nyuma kwenye kurasa zake, akazipitia moja moja kwa kidole, akasoma tena.

"Masaa matatu," alisema.

"Masaa matatu, baba."

"Kwa nini?"

Akamwandikia sababu. Baba alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa fundi tena. "Umeme ukikatika kiwandani, ukirudi, huutii mtambo gia mpaka umepita uzi mmoja mmoja. Hudhani, mama. Unauliza." Akaligonga daftari kwa kidole. "Hata mimi hukuniuliza. Ulinihesabia ishirini."

Injinia alimpa penseli. Baba alipiga mistari kwa ukingo wa kitabu cha mjukuu, akaandika saa, akafunga kifuniko kwa mikono miwili. Wakasubiri. Walikula cha mchana, wakasinzia. Mara mbili baba alitazama saa ya ukutani na kuirekebisha ya mkononi. Kaka alipita akasoma daftari akiwa amesimama, kurasa zote ishirini na sita, kisha akatoka uani na kukaa huko.

Masaa matatu na nusu yalipotimia, Injinia alimsogezea kompyuta. Baba alikunja na kukunjua vidole, akafungua. Taa iliwaka, kisha mtandao ukaja, moja kwa moja. Aliutazama dakika nzima, asije akawa anadanganywa. Akaandika: "Umekubali." Chini yake Injinia aliandika yale majina mawili ya desturi, na yote mawili yalikuwa jina la baba.

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kikubwa, cha kushindana na mitambo. Akainuka bila kushika kiti, akaingia chumbani, wakamsikia akifungua na kufunga kabati. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya kutokea na kofia, na mkononi ana ule mfuko aliojia nao.

"Haya," alisema. "Mmeona wenyewe kwamba kichwa changu ni kizima. Nirudisheni nyumbani."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha uso.

Injinia alipita mtaa ule wiki mbili kabla. Ule mlango wa buluu haukuwepo tena. Mwenye nyumba alishauvunja ukuta wa kibanda cha ufundi kuongeza chumba, na barazani palikuwa na familia nyingine, nguo za mtoto mchanga zimeanikwa kwenye kamba aliyoifunga baba. Funguo za nyumba Injinia alizirudisha mwenyewe siku ya kuhama, kwa mkono wake, na akaombwa atie sahihi.

Baba alimtazama usoni, akitafuta midomo. Aliisubiri. Kisha akaweka mfuko chini, akafungua daftari kwenye ukurasa safi, akamsogezea pamoja na penseli.

"Andika, mama," alisema. "Umesema nini? Sikusikia."

Injinia alikuwa hajasema kitu.